Mbiu ya Seli Inayokufa

Usiku ule baba aliniamsha saa tisa kasoro robo. Hakuniita kwa jina. Aligonga ukuta kwa kiganja mara mbili, polepole, kama mtu anayeona haya kusumbua. Nilipoingia nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu wa kulia umening'inia, shuka iko sakafuni.

“Shuka, mwanangu,” akasema. “Hata shuka siiwezi.”

Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimevimba mpaka ngozi inang'aa. Kilikuwa chekundu, na pale kwenye kiungo wekundu ulikuwa umekaribia zambarau. Nilisogeza mkono, na moto wake ukanifikia kabla sijagusa. Mzee huyu aliwahi kuvunjika mkono akanyamaza kimya. Usiku ule machozi yalikuwa yanamtoka kwa uzito wa kitambaa.

Kazi yangu ni ya maabara, na mtu wa maabara akiona kitu kilichovimba, chekundu na chenye moto, akili yake hukimbilia bakteria. Nikajua kiungo kimeingiliwa na vijidudu. Asubuhi daktari alichoma sindano ndani ya kile kiungo akavuta matone machache ya majimaji yaliyochafuka kama maji ya chokaa. Tone moja tukaliweka kwenye slaidi, chini ya hadubini yenye mwanga uliochujwa, ule unaoacha uwanja mzima uwe wa rangi moja na kuviwasha vitu vya fuwele peke yake. Nikaona vijiti vyembamba, vimechongoka ncha zote mbili. Vilivyolala upande mmoja viling'aa njano, na vilivyokata upande mwingine viling'aa buluu. Kati ya vijiti hivyo zilitapakaa seli nyeupe za damu, zile ziitwazo nyutrofili, nyingi kuliko nilivyotarajia. Moja kati yake imenibaki kichwani hadi leo: ilikuwa imemeza fuwele ndefu kuliko upana wake, ncha zikachomoza huku na huku, kama samaki aliyechomwa kijiti. Ilikuwa inakufa.

Sampuli tuliyoiotesha haikuota chochote. Hakuna bakteria, hakuna kuvu. Lilikuwa jongo, ugonjwa ambao wengine huuita gauti, na fuwele zile zilikuwa za asidi ya yuriki, taka ambayo kila mwili huitengeneza wenyewe. Kwa hiyo jeshi lote lile lilikuwa limekusanyika kwenye kidole cha mzee kupigana na nani?

Swali hilo limenikalia miaka kadhaa, na nimelisomea kila nilipopata nafasi. Jibu nililolipata limebadilisha namna ninavyotazama karibu kila ugonjwa unaopita mezani kwangu. Tumezoea kuambiwa kwamba kinga ya mwili ni mlinzi wa mlangoni, anayeuliza kila anayeingia yeye ni nani. Ni kweli, lakini si yote. Kinga husikiliza jambo jingine kwa makini yaleyale: nani amekufa humu ndani, na amekufaje.

Tuanze na kifo chenyewe, maana watu wengi hawajui kinatokea kwa wingi kiasi gani. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Israel, Ron Sender na Ron Milo, walipiga hesabu wakaona kwamba mwili wa mtu mzima hubadilisha seli zipatazo bilioni 330 kwa siku. Hizo ni karibu milioni 4 kwa kila sekunde. Nyingi ni seli za damu na zile zinazotandika utumbo. Umesoma aya hii, na makumi ya mamilioni ya seli zako hazipo tena. Hujasikia homa, hujavimba popote, huna hata chembe ya maumivu. Seli zikifa zote kwa namna ya ile niliyoiona kwenye slaidi, tungekuwa tunawaka mwili mzima tangu siku ya kuzaliwa.

Hatuwaki kwa sababu vifo vingi vya seli ni vya utaratibu. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa patholojia kutoka Australia, John Kerr, alikuwa akichunguza maini ya panya ambayo sehemu ya damu yake ilikatwa. Pamoja na seli zilizooza kwa makundi kama alivyotarajia, aliona nyingine, moja hapa moja pale, zilizosinyaa na kukatikakatika vipande nadhifu, bila uvimbe wowote pembeni. Mwaka 1972, yeye na wenzake Andrew Wyllie na Alastair Currie wa Aberdeen, Uskoti, walitoa makala iliyokipa kifo hicho jina: apoptosisi. Neno lenyewe walipewa na profesa wa lugha ya Kigiriki wa chuo kikuu hapohapo, James Cormack, na maana yake ni kupukutika, kama majani yanavyopukutika mtini. Nalipenda sana neno hilo. Mti haulii jani likipukutika.

Seli inayopukutika hujipanga. Hukata DNA yake vipande, hukunja mifupa yake ya ndani, hujigawa katika vifuko vidogo, na kila kifuko hubaki kimefungwa na utando wake, hakuna kinachomwagika. Kisha hufanya jambo ambalo mimi huliona ni la adabu kubwa. Kuna mafuta fulani katika utando wa seli, fosfatidilserini, ambayo seli hai huyaweka upande wa ndani siku zote. Seli inayopukutika huyageuza yakatazama nje. Ni kama kutundika alama mlangoni: njooni mnichukue. Makrofaji, walaji wakubwa wa mwili, huipapasa alama hiyo na kukimeza kile kifuko kizima. Na mlaji akishakula maiti ya namna hii, yeye mwenyewe hutulia zaidi. Hutoa kemikali za kupoza, kama interlukini-10, zinazowaambia majirani kwamba hapa hakuna jambo. Mazishi yamekwisha na mtaa umelala.

Sasa fikiria seli iliyopasuka. Imekatwa na kisu, imeungua, imekosa damu, au imelipuliwa na kirusi. Utando umechanika na vilivyokuwa ndani vimemwagika nje: ATP ambayo ni nishati ya seli, protini za kwenye kiini ambazo hazina kazi yoyote nje ya kiini, DNA, asidi ya yuriki. Seli za jirani zina vipokezi vya kuvinusa vitu hivi, kwa sababu mahali pake pa haki ni ndani, na vikionekana nje kuna aliyevunjika. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na hii ndiyo mbiu yenyewe. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja, nyutrofili hujipenyeza zikaingia eneo la tukio, neva za maumivu huamshwa. Wekundu, uvimbe, joto na maumivu: Mrumi Celsus alizitaja dalili hizi nne karibu miaka 2000 iliyopita, na hadi leo ndizo tunazozitazama tunaposema mahali pana inflamesheni. Baba alikuwa nazo zote nne kwenye kidole kimoja.

Kati ya vitu vinavyomwagika kuna kimoja kinachonistaajabisha kila nikikifikiria. Ndani ya seli zetu kuna mitokondria, vinu vidogo vya nishati. Zamani za kale sana mababu wa mitokondria walikuwa bakteria waliojitegemea, wakaingia katika seli nyingine na kubaki humo moja kwa moja. Mpaka leo zina DNA yao, na baadhi ya protini zao huanza kwa alama ileile inayotumiwa na bakteria. Mtu akipondwapondwa katika ajali, mitokondria za misuli iliyosagika humwagika katika damu, na nyutrofili huzipokea kama bakteria waliovamia. Mgonjwa anaweza kupata homa kali na mapafu kujaa maji, huku kila sampuli ya damu unayoiotesha haioti kitu. Wengi wetu tulio maabara tumeandika “hakuna kilichoota” kwa wagonjwa wa namna hiyo, tukidhani kipimo kimeshindwa.

Hadi hapa mtu anaweza kuona mambo ni mepesi: kifo cha kimya ni kizuri, kifo cha kelele ni ajali. Na mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipokutana na kisa cha mnyoo.

Mnyoo huyo ni mdogo wa milimita moja, jina lake Caenorhabditis elegans, na watafiti walimpenda kwa sababu mwili wake unapitisha mwanga na seli zake zinahesabika. Katika kukua kwake hutengeneza seli za mwili 1,090, na 131 kati ya hizo hufa, zilezile kila mara, kwa saa zilezile. Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi iliyohusu mnyoo huyu. Horvitz na wenzake walitafuta jeni zinazoamuru kifo, wakapata mojawapo waliyoiita ced-3. Ukiiharibu, zile seli 131 hazifi. Mwaka 1993, Junying Yuan na Horvitz na wenzao walisoma herufi za jeni hiyo na kutafuta ndugu yake kwa binadamu. Walitarajia kitu cha kifo. Ndugu waliyempata alikuwa ameshagunduliwa na watu wengine, katika kazi nyingine kabisa: kimeng'enya kinachokata na kuiamsha interlukini-1 beta, moja ya kemikali kali kuliko zote za kuleta homa na uvimbe.

Hebu tua kidogo hapo. Jamaa wa karibu wa mkasi wa kifo alikuwa mkasi wa inflamesheni. Baadaye wote waliingizwa katika ukoo mmoja ulioitwa kaspesi, na yule wa kwanza wa homa ndiye kaspesi-1. Wenzake, kaspesi-3, kaspesi-8 na wengine, wanasimamia kupukutika kwa kimya. Kwa maana hiyo kifo na uvimbe ni watoto wa nyumba moja, na ukoo uleule unaonyamazisha ndio unaopiga mbiu.

Kazi ya kaspesi-1 ilionekana vizuri kwa bakteria Shigella, anayeleta kuhara damu. Mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba makrofaji iliyoingiliwa na Shigella hujiua, na watu wakadhani ni apoptosisi nyingine. Haikuwa hivyo. Seli ilikuwa inavimba na kupasuka, ikimwaga interlukini-1 beta. Mwaka 2001 kifo hicho kikapewa jina la pairoptosisi, kutokana na neno la Kigiriki la moto. Silaha yake ilibaki fumbo hadi mwaka 2015, makundi ya Feng Shao kule China na Vishva Dixit kule Marekani yalipoonyesha kwamba kaspesi hukata protini iitwayo gasdamini D. Kipande kinachoachiwa huenda kwenye utando wa seli, kikaungana na wenzake na kutengeneza duara la tundu. Matundu yakiwa mengi, interlukini hutoka nje, maji na chumvi huparaganyika, seli inavimba. Hata kupasuka kwa mwisho, ambako sote tulidhani ni puto tu kuzidiwa na maji, mwaka 2021 kulionekana kuna protini yake maalumu, NINJ1, inayouchana utando.

Seli ina mashine ya kujilipua kwa makusudi, na sababu yake inaeleweka ukiwaza kwa upande wa bakteria. Makrofaji ni mahali pazuri pa kujificha: kuna chakula, kingamwili za kwenye damu hazifiki, dawa nyingi hupenya kwa shida. Seli iliyogeuzwa maskani ya adui ikipukutika kimya, majirani watatulizwa na adui atabaki salama. Ikijilipua kwa kelele, bakteria anabaki hana nyumba, na nyutrofili zinakuja mbio. Kufa kufaana, walisema wahenga, na sijaona mahali msemo huo unapokaa vizuri kuliko hapa.

Virusi nao wamesoma mchezo. Baadhi, kama wale wa jamii ya ndui, hubeba protini za kuizuia kaspesi-8 ili seli isiweze kupukutika kabla hawajamaliza kuzaana. Kwa ajili yao kuna mtego mwingine. Kaspesi-8 ikiwa hai, hukitia kufuli kifo cha aina nyingine kiitwacho nekroptosisi. Virusi wakiizima kaspesi-8, kufuli hilo hufunguka: protini RIPK3 inaamka, inaisukuma protini nyingine, MLKL, hadi kwenye utando, na seli hupasuka ikiwa na virusi wake kabla hawajakomaa. Uzito wa kufuli hilo ulionekana kwa panya. Panya asiye na kaspesi-8 hufia tumboni mwa mama. Mwaka 2011 watafiti walimwondolea na RIPK3 pia, na akazaliwa hai. Kilichokuwa kinamuua si kukosa kaspesi-8 yenyewe. Ni mlango wa moto uliobaki wazi.

Nirudi kwenye kidole cha baba. Mwaka 2003 iligunduliwa kwamba asidi ya yuriki ni mojawapo ya ishara ambazo seli zinazokufa huzitoa kuamsha kinga. Inatokana na kuvunjwavunjwa kwa DNA na RNA, kwa hiyo ikijikusanya nyingi mahali pamoja, kwa kawaida maana yake ni kwamba seli nyingi zimeangamia hapo. Mwaka 2006 kundi la Jürg Tschopp huko Uswisi lilionyesha jinsi fuwele zake zinavyosikika: makrofaji huzimeza, zikachubua vifuko vya ndani, na mashine iitwayo inflamasomu ya NLRP3 hujipanga. Mashine hiyo huiamsha kaspesi-1. Kaspesi-1 huiamsha interlukini-1 beta na kukata gasdamini.

Nilipofika hapo ndipo lile swali la usiku ule likafunguka. Figo za mzee zilikuwa haziiondoi asidi ile vya kutosha, ikakusanyika polepole kwa miaka, ikaganda kwenye kiungo kilicho mbali na joto la moyo. Kinga yake haikukosea kusoma. Ilisoma sawasawa maandishi ya msiba mkubwa. Ila msiba wenyewe haukuwepo.

Baada ya hapo nimekuwa nikizipanga upya slaidi kichwani. Kifua kikuu, kwa mfano. Robert Koch alimtangaza bakteria wake mwaka 1882, na tangu hapo tumemtazama yeye tu. Lakini bakteria huyu hana sumu kali ya kula mapafu. Anachofanya ni kuchezea kifo cha seli: anaizuia makrofaji isipukutike, kwa sababu kupukutika kungemfungia ndani ya kifuko na kumkabidhi kwa mlaji mwingine mwenye nguvu. Anaisukuma kwenye kifo cha kupasuka. Seli nyingine zinakuja kuzunguka, nazo zinakufa, katikati panabaki rojo jeupe linalofanana na jibini iliyovunjika. Nimekata vipande vya rojo hilo. Ukilitia rangi na kulitazama, ni waridi tupu, hakuna kiini hata kimoja kilichobaki, ni kaburi la halaiki. Rojo likiyeyuka na kutobolea kwenye njia ya hewa, pango linabaki ndani ya pafu, na mgonjwa anamkohoa bakteria hewani. Wagonjwa wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana huwa na mapango machache zaidi. Yaani ili bakteria apate mlango wa kutokea, anautumia moto wetu sisi. Ndiyo maana mgonjwa wa VVU na kifua kikuu anaweza kuanza dawa za kufubaza virusi, kinga ikafufuka, na ghafla homa na tezi zikalipuka upya ingawa bakteria wanapungua. Ndugu hudhani dawa zimemdhuru, wengine huzitupa. Natamani kila anayeanza dawa aelezwe jambo hili mapema, kwa lugha anayoielewa.

VVU chenyewe kina kisa cha aina hii. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba kirusi huua seli za CD4, seli nyeupe zinazoongoza kinga, kwa kuzijaza. Mwaka 2014 watafiti wa San Francisco walitoa matokeo tofauti: katika tishu za limfu walizochunguza, zaidi ya asilimia 95 ya seli zilizokuwa zikifa hazikuwa zile zinazozalisha virusi. Zilikuwa seli zilizolala, ambazo kirusi kiliingia kikashindwa kumaliza kazi, kikaacha vipande vya DNA ambayo haijakamilika. Seli ilivinusa vipande hivyo, ikaamsha kaspesi-1, ikajilipua. Mlipuko ule uliita seli nyingine za CD4 zije kuzima moto, nazo zikaambukizwa, nazo zikalipuka. Mara ya kwanza niliposoma makala hiyo niliifunga nikatoka nje kupunga upepo. Nilikuwa nimehesabu CD4 za maelfu ya watu, namba zikishuka mwezi hadi mwezi, na sikuwahi kufikiri kwamba nyingi ya seli zile zilijitoa zenyewe.

Kuna upande wa pili, wa maiti zisizozikwa. Tuseme seli zinapukutika kwa adabu kabisa, alama zimetundikwa mlangoni, ila wazikaji hawaji. Vifuko vikikaa muda mrefu hupasuka vyenyewe, na DNA iliyokusudiwa kuliwa kimya inaonekana na kinga. Katika ugonjwa wa lupasi mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya vitu vya ndani ya kiini chake wenyewe. Protini moja inayosaidia kuzitia alama maiti hizo inaitwa C1q, na watu wachache wanaozaliwa bila hiyo, walio wengi hupata lupasi. Ndani ya mishipa mikubwa ya damu nako ni vilevile: makrofaji zilizovimbiwa mafuta hufa, hazizolewi, na katikati ya gamba la mafuta lililo ukutani mwa mshipa kinageuka kuwa rundo la maiti linalochochea uvimbe, mpaka siku gamba linapopasuka na damu kuganda juu yake. Mshtuko wa moyo.

Hapa ndipo watu huniuliza: basi kwa nini tusiuzime huo moto? Umejaribiwa. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao CANTOS, uliohusisha watu 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na ambao damu yao ilionyesha dalili za inflamesheni. Baadhi yao walichomwa kingamwili inayoifunga interlukini-1 beta, ileile ya kaspesi-1, kila baada ya miezi mitatu. Lehemu yao haikuguswa. Kwa dozi ya miligramu 150, mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 15. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka, na jumla ya vifo vyote haikupungua. Moto uleule ulioharibu mishipa ulikuwa pia unawalinda.

Kwa sababu hiyo nakerwa, nasema wazi, na maneno “kuongeza kinga” yanayobandikwa kwenye kila chupa. Uongeze ipi? Ile inayopasuka au ile inayozika? Katika UVIKO-19, utafiti wa RECOVERY wa Uingereza uliotangazwa Juni 2020 ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei ndogo inayopunguza inflamesheni, iliokoa maisha: vifo vilipungua kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa humusi kwa waliokuwa wanahitaji oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia. Dawa moja, ugonjwa mmoja, na tofauti ni wakati tu. Vivyo hivyo kwa homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu: utafiti wa Vietnam wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kuongeza deksamethasoni kwenye dawa za kifua kikuu kunapunguza vifo. Bakteria anapigwa na moto unashushwa kwa wakati mmoja. Nionavyo mimi, tiba za miaka ijayo zitakuwa za kusaidia seli kufa vizuri na kuzikwa upesi, zaidi ya kuzuia zisife au kunyamazisha kinga yote.

Baba alipewa kolchisini, dawa ya kale inayovuruga nyuzi ambazo nyutrofili hutumia kutembea, na akaambiwa anywe maji na atulize mguu. Siku ya tatu alivumilia shuka. Nilimwuliza daktari kwa nini jongo huisha hata kwa mtu asiyepata dawa, ilhali fuwele bado zipo palepale. Hakuwa na jibu refu. Jibu nililikuta baadaye, katika kazi iliyotolewa mwaka 2014. Nyutrofili zikiwa nyingi kupita kiasi, zinakufa kwa namna nyingine tena: zinatema DNA yao nje kama wavu. Nyavu za nyutrofili nyingi zikishikamana, hufunga fuwele ndani yake, na vimeng'enya vilivyonasa humo hukata zile kemikali za kuita wengine. Mbiu inakatwa koo. Kisha makrofaji wanaingia kuzoa waliobaki, na kila anayekula hutulia.

Yaani kilichouwasha uvimbe ule na kilichouzima vyote vilikuwa vifo vya seli, nyingine zikiwa za aina ileile niliyoiona imechomwa na kijiti.

Wiki ya pili nilimkuta ameketi barazani, mguu juu ya kigoda, anabandua kidole kwa ukucha. Ngozi ya juu ya kiungo ilikuwa inatoka vipande vyeupe, vikavu, vyepesi, jinsi inavyotokea uvimbe mkali unaponywea.

“Hii nayo ni ugonjwa?” akauliza.

“Hapana, baba. Hiyo ni ngozi iliyokufa tu.”

Akakishika kipande kimoja, akakitazama dhidi ya mwanga, kisha akakipuliza kikaenda. “Mbona hii haiumi,” akasema, akaanza kutafuta kiatu chake cha kulia.